Namba Isiyo na Saa Yake

Hakuna muuguzi makini anayeandika shinikizo la damu la mgonjwa bila kuandika saa alipolipima. Kiwango cha potasiamu cha jana hakitoshi kumwongoza daktari wa leo. Hata hivyo, kadiri hospitali zinavyozidi kutegemea kompyuta, tumezoea kupokea namba za kwenye skrini pasipo kuuliza zilihesabiwa lini. Mazoea hayo ni ya hatari, na kuyarekebisha hakuhitaji gharama kubwa.

Kanzidata ya hospitali huweka kumbukumbu katika majedwali: la wagonjwa, la vipimo, la dawa, la damu. Ili mtumiaji asihangaike kuyaunganisha, wataalamu humtayarishia mionekano. Mwonekano wa kawaida hauhifadhi data yoyote. Ni swali lililoandikwa mapema na kupewa jina. Kila unapofunguliwa, swali huulizwa upya, na jibu hutoka katika majedwali kama yalivyo wakati huo. Mwonekano uliohifadhiwa ni jibu lenyewe, lililokwisha kuhesabiwa na kuwekwa kando. Hufunguka upesi, lakini majedwali yakibadilika unaweza kubaki na jibu la zamani hadi uhuishwe. Katika PostgreSQL, programu ya kanzidata iliyopata mionekano ya aina hii katika toleo la 9.3 la mwaka 2013, uhuishaji haufanyiki wenyewe: sharti amri itolewe, ama na mtu ama kwa ratiba iliyopangwa.

Tuchukue mfano wa benki ya damu. Mwonekano uliohuishwa saa kumi na mbili asubuhi unaonyesha chupa nne za kundi O hasi. Kufikia saa tatu, zote zimetumika kwa akina mama wawili waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Saa tano daktari wa upasuaji anatazama skrini, anaziona chupa nne, na anaanza upasuaji ambao angeuombea damu kwingine kwanza. Hakuna aliyedanganya. Namba ilikuwa ya kweli, ila wakati wake ulikwisha kupita.

Sipendekezi mionekano hiyo iondolewe. Ripoti inayojumlisha mamilioni ya kumbukumbu, ikihesabiwa upya kila inapofunguliwa, yaweza kuielemea seva ile ile inayomhudumia mgonjwa aliye dirishani. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, Kenya na Uganda, hutayarisha majedwali yake ya uchambuzi kwa kanuni inayofanana na hiyo, mara nyingi usiku. Data iliyoingizwa leo huenda ikaonekana katika jumla kesho. Kwa mipango ya mwaka ya wilaya, kuchelewa huko hakuna madhara.

Kinachopaswa kuamua ni matumizi. Majibu ya maabara, mzio wa dawa na akiba ya damu visomwe moja kwa moja kutoka katika majedwali. Jumla za mwezi zaweza kuhifadhiwa. Na kila skrini inayotumia jibu lililohifadhiwa ionyeshe wazi saa ya kuhuishwa kwake. Uhuishaji ukishindikana, itoe onyo badala ya kuendelea kuonyesha namba za zamani kimyakimya.

Nawe mgonjwa, ukiambiwa kwamba mfumo hauonyeshi majibu yako, au kwamba dawa imekwisha, una haki ya kuuliza kwa upole: "Taarifa hiyo ni ya saa ngapi?" Mhudumu asiyeweza kulijibu swali hilo na aende akahakikishe kabla ya kukurudisha nyumbani.