Atangulie Mwalimu Kabla ya Mabinti

Wazazi wenzangu, binti anapoletewa barua ya safari ya kuutembelea msitu wa Kakamega, sisi watu wa pwani huuliza nauli kwanza. Laiti tungeuliza: huyo mwalimu atakayewaongoza, je, amekwisha kufika huko mwenyewe?

Tuseme watalala Shirere, mjini Kakamega. Mombasa tumezoea kibla kuwa kaskazini barabara. Shirere iko magharibi zaidi, hivyo mwenye kusali hana budi kupinda kidogo kuelekea mashariki. Jua nalo huchwa huko takriban dakika 20 baada ya kwetu. Binti aliyefunga Sunna ya Alhamisi, akifuturu kwa ratiba ya msikiti wa nyumbani, swaumu yake imebatilika. Mambo haya hayamo katika vijitabu vya watalii.

Mvua ya huko hupenda kunyesha alasiri, basi msituni huingiwa asubuhi. Anayechelewa hurudi kwa njia za utelezi huku Adhuhuri ikimponyoka. Na usiku ni baridi, kwani mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Leso mbili hazitoshi!

Mwalimu aliyetangulia, japo kwa siku 2, atakuwa amepaona pa kutawadhia penye stara, na ameuliza nyama ya jikoni imechinjwa na nani. Asiyetangulia atayauliza hayo akiwa na mabinti 40 nyuma yake, wamechoka na wana njaa. Mimi ningeomba tarehe isogezwe, hata kama watoto watanuna.