Nyonga ya bibi huvunjikia nyumbani

Mwaka 2020, Hispania, Italia na Uingereza zilipowafungia watu ndani kwa sababu ya korona, wodi za mifupa zilipata majeruhi wachache wa barabarani na wa michezoni. Wazee waliovunjika nyonga waliendelea kuletwa. Ajabu? Hapana. Wengi wao huangukia ndani: wakienda msalani usiku, au wakijikwaa kwenye mkeka. Tena mzee akishinda amekaa kwa miezi, misuli ya miguu hulegea, akisimama anapepesuka. Kwa hiyo ile “bibi, pumzika tu” tunayoisema kwa mapenzi ina gharama yake. Mwache atembee uani, mwachie taa usiku. Akianguka akashindwa kusimama, msimchue. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana upasuaji ukichelewa hatari huongezeka.