Umeme wa Ubaoni

Farao aliwadai Waisraeli matofali, kisha akawanyima majani ya kuyafinyangia. Waumini wanaijua habari hiyo kutoka Kitabu cha Kutoka. Wazazi wa Kenya wanaijua kutoka mikutano ya shule. Kwa miaka arobaini na zaidi tumeambiwa nchi inahitaji mafundi, na kwa miaka hiyo yote majani tumetakiwa kuyatafuta wenyewe. Nachukua mfano wa somo moja tu, somo la Umeme katika shule za sekondari, kwa sababu ndilo linaloonyesha waziwazi jinsi serikali inavyoweza kuahidi kwa mdomo na kunyima kwa mkono.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza Januari 1985, baada ya ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981. Tuliambiwa kwamba kijana akimaliza shule ataweza kujitegemea kwa kazi ya mikono yake. Wazo hilo halikuwa baya. Ubaya ulianza pale amri ilipotolewa bila fedha. Karakana zilijengwa kwa harambee, na wanaokumbuka harambee za siku zile wanajua hiari yake ilikuwa ya namna gani chifu aliposimama mlangoni na daftari. Mwaka 1988 ikaja sera ya kugawana gharama. Huo ndio mwaka wa mlolongo. Kwa sera moja mzazi alikabidhiwa bili, na kwa uchaguzi mmoja alinyang'anywa siri ya kura ambayo angeitumia kuikataa bili hiyo. Wanaodhani mambo haya mawili hayahusiani wafikiri tena.

Mimi ni mmoja wa watoto wa mpango huo. Shule yetu ilikuwa na karakana ya mawe, yenye kufuli kubwa mlangoni. Ndani mlikuwa na ubao mmoja wa mbao uliopigiliwa swichi mbili, soketi moja na kishikio cha balbu. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyechoka, alituchorea kwa chaki jinsi swichi mbili zinavyoweza kuendesha taa moja ya ngazini. Tulinakili. Taa hiyo hatukuiona ikiwaka hata siku moja, maana nyaya za umeme zilipita barabarani na hazikufika shuleni. Katika mtihani nilipata alama nzuri. Hadi leo soketi ikiharibika nyumbani kwangu namwita fundi.

Msomaji anaweza kucheka, lakini umeme hauna mzaha. Nyumba zetu hupokea volti 240, zinazotosha kuua. Fundi hana budi kuzima swichi kuu, kuupima waya kwa testa kabla ya kuugusa, na kuijaribu testa yenyewe mahali anapojua pana umeme, ili isije ikamdanganya. Ni lazima ajue unene wa waya unaofaa jiko na unaofaa taa. Ni lazima ajue kwa nini fyuzi iliyoungua haizungushiwi kipande cha waya mnene: fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Ni lazima waya wa athi, ule wa kijani na manjano, aufikishe kweli kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, asiukate kwa kuwa taa zinawaka bila huo. Mambo haya huingia mkononi kwa kurudiwa mara nyingi mbele ya macho ya fundi mkuu. Chaki haiwezi kumrusha mtu, na kwa sababu hiyo haiwezi kumfundisha tahadhari.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kama ile ya 2006 iliyoitangulia, inakataza mtu asiye na leseni kufanya kazi ya kufunga nyaya za umeme. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C-2 hadi A-1. Siipingi sheria hiyo, inalinda maisha. Ninachouliza ni hiki: kijana aliyesoma somo la Umeme miaka minne, akafaulu mtihani wa taifa, anaruhusiwa kufanya nini siku ya pili yake? Hakuna. Cheti chake hakimfikishi kwenye leseni. Inambidi aanze upya chuoni kwa karo nyingine, afanye majaribio ya ufundi ya serikali, yale mafundi wanayoyaita gredi, kisha atafute mkandarasi atakayempa uzoefu. Mtoto wa maskini huishia njiani.

Lakini kazi haimngojei. Tangu mwaka 2015 mradi wa kuunganishia umeme wakazi waliokaribu na transfoma umefikisha nyaya kwenye mapaa mengi ya mashambani. Kila paa linahitaji mtu wa kufunga swichi na taa ndani. Kijana huyo anaitwa kwa siri, kwa nusu ya malipo, bila bima na bila msimamizi. Akikosea, anaungua yeye au inaungua nyumba ya mjane. Akikamatwa, anashtakiwa. Serikali imeijenga shule ng'ambo moja ya mto na leseni ng'ambo ya pili, ikasahau daraja, kisha ikamweka polisi majini.

Wapo miongoni mwetu watakaosema elimu ya mikono ni elimu ya mkoloni. Nawaelewa. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisifu elimu ya namna hiyo, na wazee wetu walitambua mara moja kwamba Mwafrika alikuwa akiandaliwa kibanda cha mtumishi. Walifanya vyema kudai vitabu. Ila dharau iliyopo leo ni yetu wenyewe. Ni sisi wenye suti, wanasheria tukiongoza, tunaompeleka mwana mwenye alama za juu chuo kikuu na kumtupia ufundi yule tunayemwona ameshindwa. Binti akitaka kushika koleo na testa tunamcheka kabisa.

Makanisa yalikwisha kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilishiriki kutoa ripoti iliyouliza mtoto aende wapi baada ya shule, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji, vya gharama ndogo, karibu na nyumbani. Baadaye serikali ikaingia. Katiba ya 2010 imevikabidhi kwa kaunti, na Kifungu cha 55 kinaitaka Dola ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa.

Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari, na Umeme umo tena katika orodha ya masomo ya kiufundi. Wimbo ni ule ule. Safari hii tusiuitikie kabla ya kuona karakana. Tudai kwamba mwanafunzi wa Umeme afanye gredi ya kwanza ya ufundi akiwa bado shuleni, na akimaliza apewe mkataba wa uanagenzi chini ya mkandarasi mwenye leseni. Fedha zipo: kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, neno hili ni lenu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule wawakilishi watatu katika bodi ya usimamizi, na mfadhili wa shule nyingi ni kanisa. Katika mkutano ujao wawakilishi hao waombe ufunguo wa karakana, waingie, wahesabu testa, mita na nyaya zilizomo, na waandike idadi hiyo katika kumbukumbu za kikao. Kisha bodi, au mzazi yeyote, iiandikie Wizara kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iulize fedha za vifaa vya shule hiyo zimekwenda wapi. Jibu linatakiwa kutolewa katika siku 21. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.