Bunduki chini ya kitanda hailindi nyumba

Hapa Minova kuna swali ambalo wanaume wengi wanalizungusha kichwani bila kulisema kwa sauti. Jirani yangu mmoja alilisema. Usiku uliotangulia, watu wenye silaha walikuwa wameingia katika nyumba ya tatu kutoka kwake, wakachukua simu, mbuzi wawili na pesa za mauzo ya maharagwe. Yeye alisikia kila kitu akiwa amelala sakafuni na watoto wake, mkono umefunika mdomo wa yule mdogo ili asilie. Asubuhi alinifuata akaniambia: "Kaka, kuna mtu anauza kalashi. Mwizi ana bunduki, mwanajeshi ana bunduki, Mzalendo ana bunduki. Mimi baba wa watoto nikinunua moja nikaiweka chini ya kitanda, nimekosea nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na ninaliandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza tukubaliane kwamba swali lake si la kijinga. Mtu wa Kinshasa anaweza kusema: "Piga simu polisi." Mtu wa Minova ataambiwaje hivyo? Mwezi Novemba 2012, M23 ilipoiteka Goma kwa mara ya kwanza, jeshi la taifa lilirudi nyuma hadi kwetu. Wale waliopaswa kutulinda ndio waliopora nyumba na kubaka wanawake na wasichana zaidi ya 100 katika siku chache. Wanajeshi 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Goma. Hukumu ilipotoka Mei 2014, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Mwaka 2024, vita vilipofika Shasha na barabara ya Sake ikakatika, mji wetu ulijaa wakimbizi wa ndani, wanajeshi na Wazalendo. Tarehe 21 Januari 2025, M23 ikaingia Minova yenyewe. Mtu aliyepita katika hayo yote hawezi kulaumiwa akikataa kumwamini kila anayemwambia: "Lala, utalindwa."

Kwa hiyo sibishani na haki ya mtu kujitetea. Ninachouliza ni kama bunduki ile itafanya kazi anayoinunulia.

Tuangalie usiku wenyewe unavyokuwa. Wezi hawaji mmoja mmoja. Wanakuja watano, sita, wakati wewe umelala, na wao ndio wanaochagua saa. Ili bunduki ikusaidie, lazima iwe na risasi ndani na iwe karibu na mkono wako, yaani katika chumba kilekile ambamo watoto wanalala na kucheza. Ukiificha darini au ukaifukia shambani ili watoto wasiiguse, mwizi atakuwa ameshavunja mlango kabla hujaifikia. Hakuna njia ya katikati. Ama iko karibu na mtoto, ama iko mbali na wewe.

Halafu nyumba zetu wengi ni za mbao. Risasi ya kalashi haisimami kwenye ubao. Inatoboa ukuta wako, inatoboa ukuta wa jirani, na upande wa pili kuna mtu amelala. Mwenye nyumba anayefyatua gizani kwa woga hajui risasi yake imeishia wapi mpaka kupambazuke. Na wale wezi waliokuja kutafuta simu na pesa, wakisikia mlio mmoja tu kutoka ndani, watamimina risasi nyumba nzima. Aliyekuwa anapoteza mbuzi sasa anapoteza mke.

Jambo la pili: bunduki haifichiki. Aliyekuuzia anajua unayo. Aliyewakutanisha anajua. Mtoto ataisema shuleni, shemeji ataisema kwenye kasiksi. Ikipita wiki, mtaa mzima unajua. Na kwa mwizi, bunduki ni mali kuliko simu, maana kwa bunduki atapata simu nyingine kumi. Sasa atakuja kwako kwa makusudi, na kwa sababu anajua una silaha, atakuja akiwa tayari kuua kabla ya kusema neno.

Jambo la tatu ni la sisi watu wa huku hasa. Katika maeneo yetu, utawala unabadilika kwa siku moja. Kila jeshi linaloingia linamtafuta adui, na mwanaume mwenye kalashi nyumbani ndiye adui wa kwanza. Atamwelezaje komanda kwamba ilikuwa ya wezi tu? Kwa huyu ataitwa Mzalendo, kwa yule ataitwa mshirika wa waasi. Na sheria ya nchi haitamtetea. Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka raia awe na kibali cha kumiliki silaha, na silaha ya vita kama kalashi si ya raia. Mtu akikamatwa nayo, kesi yake inaenda mbele ya mahakama ya kijeshi hata kama yeye ni mkulima tu.

Tunakumbuka yaliyotokea Bukavu Februari 2025. Wanajeshi walipoondoka, waliacha silaha na sare kambini, na watoto wakaziokota. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba ilithibitisha kuuawa kwa watoto mikononi mwa M23 baada ya kuingia mjini, watoto waliokuwa na silaha walizochukua kambini na kukataa kuzitoa. Waliowaua wana hatia, na hakuna hoja ya kuwaondolea. Lakini mzazi ajiulize: silaha ile iliwakinga watoto wale na nini?

Wengine wanasema: "Basi tusinunue kila mtu yake, tujikusanye vijana wa kijiji, tulinde pamoja." Hilo tumeshalijaribu. Raia Mutomboki walizaliwa Shabunda mwaka 2005 kwa sababu ya kweli kabisa: FDLR walikuwa wanaua watu vijijini na serikali haikuonekana. Wakulima waliinuka. Wazo lilisambaa, na kufikia 2011 na 2012 lilikuwa limefika huku Kalehe. Watu wengi waliwashangilia, na mimi sitasema walikosea kushangilia. Lakini bunduki inakula. Inahitaji risasi, na mbebaji wake anahitaji chakula na pesa ya kuvaa. Aliyeanza kwa kulinda shamba la baba yake, kesho yake alikuwa ameweka bariyeri njiani na kumdai mama wa mihogo. Makundi yakagawanyika, kila komanda na kilima chake.

Mwaka 2017, shirika la utafiti la IPIS lilihesabu bariyeri karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, za jeshi la serikali na za makundi. Huko Masisi na Walikale, wanakijiji walizoea kulipa kodi inayoitwa "lala salama". Unalipa, unapewa jetoni, na usiku wanakuacha. Hebu tulifikirie jina hilo. Wale waliosema wamechukua silaha ili watu walale salama, mwishowe waliwauzia watu usingizi wao wenyewe.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuikwepa. Huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, wafugaji walikuwa na bunduki za kulinda ng'ombe wao. Serikali ilianza kuzikusanya mwaka 2001. Jamii zilizotoa silaha mapema zilijikuta zinavamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo, na jeshi halikuwepo kuwalinda. Wengi walirudi kununua bunduki upya, na mwaka 2006 zoezi likaanza tena kwa nguvu. Somo lake liko wazi: ukimwambia mtu atupe silaha bila kumpa ulinzi wowote, umemtupa yeye. Ndiyo sababu siwezi kumwambia jirani yangu "usinunue", kisha nikaingia kwangu nikafunga mlango.

Kwa hiyo tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu au karibu yake.

La kwanza ni kelele. Goma na Bukavu, katika mitaa mingi, watu walijifunza kupiga masufuria na filimbi wezi wanapoingia. Nyumba moja inaanza, ya pili inaitikia, dakika mbili mtaa wote umeamka. Mwizi anategemea mambo mawili, giza na ukimya, na kelele inamnyang'anya kimoja. Huko Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walianzisha Sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, lakini nguvu yao ilikuwa mwito: kijiji kikiita, kijiji kinachofuata kinapokea, na mwizi anakuta njia zote zina watu. Sungusungu nao walikosea. Walipiga watu, na wengine waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Sisi pia tunaujua ugonjwa huo wa kuchoma watu barabarani. Kwa hiyo masharti yawekwe mapema, mbele ya wakubwa wa mtaa, wachungaji, mapadri na wanawake: tunapiga kelele, tunatoka wengi, tunafukuza. Anayekamatwa hapigwi wala hachomwi.

Najua atakayesema kwamba sufuria haisimamishi jeshi. Ni kweli. Lakini kalashi moja chini ya kitanda nayo haisimamishi jeshi. Mwaka 2012 walikuja kwa mamia. Baba mmoja na risasi 30 angewafanya nini, isipokuwa kuwapa kisingizio cha kuua nyumba nzima? Dhidi ya jeshi, kinga ni nyingine: kuandika yaliyotokea, kuhifadhi ushahidi, kusindikiza walioumizwa hospitali na mahakamani, na kutokubali kwamba watu wawili ndio hesabu yote ya Minova. Kazi hiyo ni ndefu na inachosha, lakini wanawake wa hapa waliifanya. Walisimama mbele ya majaji, wengine wamefunika nyuso, wakasema. Wanaume tunaozungumza sana juu ya bunduki tuwatazame wao kwanza.

La pili ni silaha ambazo tayari ziko majumbani, maana ziko, na sote tunajua. Mwenye nayo leo anaogopa kuitoa kuliko kuibakiza, kwa sababu akiipeleka ataulizwa aliitoa wapi. Lazima pawepo mlango ambao mtu anaingia bila kuulizwa jina. Katanga, katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikuwa linampa baiskeli anayeleta bunduki. Mpango kama huo una hatari yake, kwa sababu bei ikiwa nzuri mtu anaweza kuuza mbovu akanunua nzima. Lakini wazo la msingi ni sahihi: watu wa kanisa wanapokea, hakuna anayefungwa, na silaha inaharibiwa mbele ya macho ya watu, haiendi kwenye ghala la komanda mwingine.

La tatu ni kwa wenye mamlaka, yeyote anayejiita hivyo. Kalashi anayouziwa jirani yangu haikuota shambani. Imetoka mkononi mwa mtu aliyekimbia vita, au mtu aliyevaa sare na hajalipwa, au mtu aliyeua aliyekuwa nayo. Askari asiyelipwa atauza bunduki mchana na kuikodisha usiku. Na pesa ya mkulima anayenunua inarudi kulekule, inamlisha muuzaji aende kutafuta nyingine ya kumuuzia mwizi. Asiyeweza kuhesabu silaha za watu wake asitulaumu sisi tukikosa usingizi.

Nilimweleza jirani yangu haya yote, tumekaa nje ya nyumba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali gumu kuliko lile la kwanza: "Na nikipiga filimbi, hakuna atakayetoka?"

Hapo ndipo penye shida yetu yote. Usiku ule walipoingia nyumba ya tatu, yeye hakutoka. Mimi pia nilisikia, na mimi pia sikutoka. Kila mmoja alishukuru Mungu kwamba si kwake. Bunduki inauzika Minova kwa sababu kila mtu ameshajua kwamba yuko peke yake.

Nilimwambia siwezi kumwahidi mtaa mzima. Nyumba yangu ni ya nne kutoka kwake. Akipuliza, nitapuliza, nitafungua mlango na kutoka. Jioni ile tulienda nyumba tano kuuliza nani mwingine atatoka. Tatu walikubali, mmoja alicheka, mmoja alisema atafikiri. Yule anayeuza kalashi bado yuko. Wiki hii tutagonga milango mingine.