Ulishalipa faini, lakini Kanada bado inauliza

Mwaka 1978 Gidamis Shahanga, mkimbiaji kutoka Katesh, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Hadi leo vijana wa Hanang na Mbulu wanatamani kufika huko kwa mbio, kwa masomo au kumtembelea ndugu. Lakini kwenye fomu ya viza kuna swali linalowakwamisha baadhi yao: umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani?

Huku kwetu tunasema yaliyopita si ndwele. Ofisa wa viza haoni hivyo. Hata kama ulilipa faini ukarudi nyumbani siku ileile, hatia bado ipo kwenye kumbukumbu.

Tena uzito wa kosa hupimwa kwa sheria ya Kanada, si kwa adhabu uliyopewa hapa. Mwendesha bodaboda aliyekamatwa amelewa anaweza kuachiwa kwa faini. Kanada, tangu Desemba 2018, kosa hilo linaweza kumfunga mtu hadi miaka 10, kwa hiyo uhamiaji wao hulihesabu kuwa kosa kubwa.

Je, ndiyo basi? Hapana. Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni kibali cha muda cha kuingia na kukaa nchini humo. Ofisa hukitoa akiridhika kwamba sababu ya safari yako ni nzito kuliko hatari kwa watu wa nchi yake. Mazishi ya mzazi au mashindano yana nafasi kuliko matembezi tu. Kibali hakizidi miaka mitatu. Ada yake ni zaidi ya dola 200 za Kanada, na ukinyimwa hairudishwi.

Ya pili ni kuomba utambuliwe kuwa umejirekebisha. Hii huombwa ikiwa imepita miaka mitano tangu umalize adhabu yote, faini ikiwemo. Ukikubaliwa, kosa hilo halikuzuii tena.

Kwa njia yoyote utahitaji nakala ya hukumu, stakabadhi ya faini au hati ya kutoka gerezani, na hati ya polisi, ile tunayoiita ya tabia njema, ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Andika pia barua ya kueleza kilichotokea na ulivyobadilika tangu hapo.

Tahadhari na vishoka wanaodai pesa ili “wasafishe faili” au wanaokushauri ujibu “hapana”. Ukigundulika umedanganya, unaweza kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano, hata kama kosa lenyewe lilikuwa dogo.

Ushauri wetu: usisubiri barua ya mwaliko. Faili la kesi ya zamani linaweza kuchukua muda kupatikana. Anza leo kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi yako.