*VITAMBAA VYEUSI KWENYE FAINALI: MAONI YA KATIBU WA TAWI*



Kesho saa 11 jioni kikao kitajadili pendekezo la kuiondoa timu ya vijana wavuvi kwenye fainali ya kombe la tawi. Kosa lao ni kutangaza kwamba wakati wa Wimbo wa Taifa watasimama wima na kuimba, lakini wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi mkononi, kulalamikia ushuru wa samaki wanaotozwa mara mbili.

Haya ni maoni yangu, si uamuzi wa kikao: *nitapinga pendekezo hilo.*

Naelewa wanaoudhika. Wimbo ule ni wetu sote. Lakini kuuheshimu wimbo ni jambo moja, kuutumia kumziba mtu mdomo ni jambo jingine.

Marekani walijaribu. Mwaka 2016 mchezaji Colin Kaepernick alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa, kulalamikia polisi kuwaonea watu weusi. Msimu uliofuata hakuna timu iliyomsajili. Mei 2018 ligi yao, NFL, ikapitisha kanuni: aliyeko uwanjani asimame, asiyetaka abaki chumba cha kubadilishia nguo, la sivyo timu ipigwe faini. Chama cha wachezaji kikapinga, na Julai kanuni ikasimamishwa. Mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, kamishna wa ligi alikiri kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema.

Kwa nini sisi tuanzie pale wenzetu walipojuta?

Taifa hili lenyewe limewahi kulalamika kupitia michezo. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia. Dhahabu ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand hiyohiyo. Hasara ile tuliiita uzalendo.

Na hapa kwetu Kilwa, wazee wa Nandete waliianza Majimaji mwaka 1905 kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa Mbozi walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba Wimbo wa Taifa kwa sababu ya imani yao. Vijana wetu wataimba.

Mwisho, ndugu zangu, nimefungua kumbukumbu za vikao. Mwaka jana tuliwaahidi vijana hawa kufuatilia suala la ushuru. Ahadi imo. Utekelezaji haumo. Mimi ni mtu wa hesabu: deni halifutiki kwa kumzuia mdai asiingie ofisini.

Napendekeza timu icheze na vitambaa vyake, na wiki ijayo tukae nao, risiti zikiwa mezani.

Anayepinga aje kikaoni aseme. Tusimalizane kwenye simu.

*Katibu wa Tawi*