Mtoto mwenye ulemavu naye ana hatua za kushangiliwa

Katika jamii yetu mtoto hushangiliwa kwa mambo makubwa. Akizaliwa, majirani huja kumwona mama na kuleta chochote walicho nacho. Akipita mtihani, huchinjiwa kuku. Hapa Kakamega, isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo shirika la UNESCO liliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa mtoto anapozaliwa, wakati wa jando, kwenye arusi na hata matangani. Lakini baina ya kuzaliwa na jando kuna safari ndefu, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, dalili za Down au usonji anaweza kuimaliza safari hiyo bila mtu yeyote kumpigia makofi.

Maoni yangu kama daktari ni kwamba kimya hicho kinaidhuru afya ya mtoto, wala si huzuni tu ya wazazi.

Wazazi wengi huanza matibabu kwa bidii. Mama humbeba mtoto mgongoni, hupanda matatu au bodaboda, hupoteza kazi ya siku nzima ili amfikishe mtoto kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Baada ya miezi michache huacha kwenda. Ukikutana naye ukamuuliza sababu, atakujibu, "Daktari, sioni mabadiliko." Ukimpima mtoto mwenyewe, aghalabu utakuta shingo iliyokuwa ikilegea sasa inasimama, na mkono uliokuwa umefumbwa sasa unafunguka. Mabadiliko yapo. Ila mama alikuwa akingoja kumwona mwanawe akitembea, na kila asubuhi alikuwa akimlinganisha na mtoto wa jirani.

Kulinganisha huko hakuna msingi hata kwa watoto wasio na ulemavu. Mwaka wa 2006, Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya hatua za watoto wenye afya waliofuatiliwa katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba wapo wanaotembea peke yao wakiwa na miezi minane na siku chache, na wapo wanaokaribia miezi 18 kabla ya kuthubutu. Wote ni wazima.

Usinielewe vibaya. Vipimo hivyo vina kazi yake. Mtoto aliyepitisha miezi tisa bila kuketi mwenyewe, au miezi 18 bila kutembea, apelekwe hospitali achunguzwe mara moja, wala asisubiriwe kwa kuwa "hata babake alichelewa." Lakini tatizo likishajulikana, kipimo cha mtoto huyo kibadilike. Tangu siku hiyo alinganishwe na yeye mwenyewe, jinsi alivyokuwa mwezi uliopita.

Kwa nini jambo hili ni la kitabibu? Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi. Mtaalamu wa mazoezi humshika mtoto kwa muda mfupi tu, kisha saa zote zinazobaki mtoto yuko nyumbani. Kwa hivyo tiba yenyewe hasa hufanyika juu ya mkeka wa nyumbani, mikononi mwa mama, baba, nyanya na ndugu zake. Watu hao hawataendelea mwaka baada ya mwaka iwapo hawaoni matunda ya jasho lao. Mtoto naye hurudia kwa hamu lile linalompatia tabasamu. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayekata gogo ni lazima avione vibanzi vikianguka.

Isitoshe, hatua zinazoonekana ndogo huwa na uzito ambao mzazi hakuambiwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kuketi bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka miwili ana matumaini makubwa ya kutembea baadaye. Mtoto aliyekuwa akipaliwa kila anaponyweshwa uji, na sasa anameza vizuri akiwa ameketishwa wima, ameepushwa na maradhi ya kifua ambayo huwaua wengi wa aina yake. Mtoto mwenye usonji anayekuonyesha kwa kidole kitu anachokitaka ameanza mazungumzo, hata kama hajatamka neno. Na mtoto mwenye dalili za Down huenda akafikisha miaka miwili au zaidi kabla ya kutembea, lakini wengi wao hutembea.

Nawashauri wazazi wanunue daftari la kawaida la shule. Kila juma waandike tarehe na jambo moja ambalo mtoto amelifanya: ameshika kijiko, amegeuka alipoitwa, amelala usiku mzima bila kupatwa na kifafa. Juma lisilo na jipya liandikwe hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi, baba na mama waketi pamoja walisome. Nasema baba pia, kwani si haki mama abebe mtoto, abebe lawama za ukoo, kisha ashangilie peke yake. Ukienda kliniki, beba daftari hilo. Litamsaidia daktari kuliko kukisia.

Mtoto anapofanikiwa, mshangilieni papo hapo ili ajue ni kwa sababu gani. Vigelegele vinawafaa wengi, ingawa baadhi ya watoto wenye usonji huudhiwa na kelele. Hao wapongezwe kwa sauti ya chini, au kwa kupewa mchezo wanaoupenda. Mtoeni nje naye, aende kanisani au msikitini, aende Muliro Gardens Jumapili kama watoto wengine. Mtoto aliyefichwa ndani hana wa kumwona akipiga hatua.

Wapo watakaosema kwamba daktari anawafundisha wazazi kujidanganya. La hasha! Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuuondoa, na dalili za Down hazifutiki. Anayekuuzia uponyaji wake, awe na vidonge au mizizi, anakuibia pesa ambazo zingekupa nauli ya kliniki. Kushangilia hatua ndogo ni kuukubali ukweli huo kisha kutafuta kinachowezekana ndani yake. Tena daftari lile lile halifichi mabaya. Likikuonyesha kwamba mtoto aliyekuwa akiketi sasa haketi, au aliyekuwa na maneno matano sasa amenyamaza, usingoje siku ya miadi. Kupoteza alichokwisha kujifunza ni dalili inayotaka daktari haraka.

Sisi wengine nasi tuna sehemu yetu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdunisha. Hiyo ni sheria, na ni njema. Hata hivyo, sheria haiwezi kumlazimisha jirani afurahi.

Mama wa mtoto huyu amezoea kusikia neno moja tu. Alipojifungua mtoto asiyelia, aliambiwa pole. Mtoto aliposhindwa kuketi, aliambiwa pole. Akipita sokoni amembeba mtoto wa miaka minne mgongoni, macho ya watu humwambia pole. Basi siku atakapokusimamisha njiani akueleze kwamba leo mwanawe ameshika kikombe kwa mikono miwili na kukifikisha mdomoni, usimwambie kwamba wako alikishika zamani, wala usiinamishe kichwa kwa huruma. Mwambie hongera, kisha umuulize alivyomfundisha. Huenda neno hilo ndilo litakalompandisha matatu siku ya kliniki ijayo.